Kasha la Kupanda Rangwi

Kompyuta ya mezani inayokwenda Rangwi ni lazima ipande mlima. Inatoka kwenye joto la Mombo, inapita Soni na Lushoto mjini, inaingia Magamba na Lukozi, halafu inatikiswa kwenye barabara ya udongo mwekundu mpaka ifike kijijini, ambako asubuhi ya Julai ukungu hutua hadi kizingitini mwa duka. Fundi anayeijua safari hiyo hachagui kasha kwa kutazama picha.

Nimekaa mara nyingi karibu na fundi mmoja wa huko, anayeunganishia watu kompyuta za steshenari na za kuhariri video za harusi. Ninachokiheshimu kwanza ni mpangilio wa maswali yake. Mteja huanza na kasha, maana ndilo linaloonekana: taa za rangi, kioo ubavuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nataka hili lenye kioo."

"Ni zuri, mama. Niambie kwanza utalifanyia kazi gani, na litakaa wapi."

Kutoka kwenye kazi anapata prosesa, kutoka kwenye prosesa anapata madabodi, na madabodi ndiyo inayomwambia kasha lipi. Mwaka 1995 Intel ilitangaza kipimo kinachoitwa ATX: madabodi yenye urefu wa milimita 305 na upana wa 244, matundu ya skrubu yakiwa mahali palepale kwa kila mtengenezaji. Baadaye ikaja microATX ya 244 kwa 244, kisha Mini-ITX ya 170 kwa 170 kutoka kampuni ya VIA ya Taiwan. Hata dirisha la nyuma, pale panapochomekwa kipanya na kebo ya skrini, lina vipimo vyake: 158.75 kwa 44.45. Namba hizo zina desimali kwa sababu zilipangwa kwa inchi. Kwa makubaliano hayo, kiwanda kinachokunja bati na kiwanda kinachochapa madabodi havina haja ya kuonana, na bado kazi zao hukutana mezani Rangwi zikaingiana. Kasha kubwa hupokea madabodi ndogo, ila dogo halipokei kubwa.

Fundi wangu ameyakata makubaliano hayo kwenye kadibodi. Ana kipande cha 305 kwa 244, amechora mstari panapoishia microATX, na kila tundu amelitoboa kwa msumari. Akishuka Dar es Salaam kutafuta makasha ya mtumba Kariakoo, kadibodi hiyo iko ndani ya begi. Anaiweka ndani ya kasha, anatazama kama matundu yanalingana na sehemu za nguzo ndogo zinazobeba madabodi, anasogea kwenye lingine. Haulizi bei kabla ya hapo.

Hapo ndipo wengi huumizwa na kompyuta za ofisi zilizotumika. Dell OptiPlex 745, 755 na 780 zilizo wima zilijengwa kwa mpangilio wa BTX, ambao Intel iliubuni ili kupoza prosesa zenye joto kali za wakati ule na kuuacha baada ya miaka michache. Ndani yake kila kitu kimegeuzwa upande. Bati ni zuri, limenyooka, bei ni ya chini, lakini madabodi ya ATX haikai humo. Matoleo yaliyofuata yaliachana na BTX, ila mengi yana plagi zake yenyewe za umeme, na waya wa kitufe cha kuwashia umefungwa kwenye kichwa kimoja kisichoingia kwenye madabodi ya kawaida. Anayesema "bati ni bati" hulipa mara mbili.

Madabodi ikishakaa, kuna vipimo vitatu vya nafasi. Cha kwanza ni kimo cha kipoza joto cha prosesa: vile vya mnara hufika milimita 155 au 160, na kikizidi, mlango haufungi. Cha pili ni urefu wa kadi ya picha, nyingine zikipita milimita 300. Hapa fundi hupima kuanzia uso wa ndani wa feni ya mbele, wala si kuanzia kwenye bati, kwa sababu feni yenyewe hula milimita 25. Cha tatu ni pawa saplai. Ile ya ATX ina upana wa 150 na kimo cha 86, lakini urefu hubadilika, na nyuma yake lazima pabaki nafasi ya kupinda nyaya bila kuzivunja shingo.

Halafu nguzo ndogo za shaba zinazoinua madabodi isigusane na bati. Kwangu mimi hii ndiyo sehemu bora ya kazi yote. Anazifungua zote, hata zile zilizokuja zimefungwa, anazirudisha moja moja kwa kufuata matundu ya madabodi iliyo mbele yake, akihesabu kwa sauti. ATX kamili huwa na tisa. Nguzo moja iliyobaki pasipo na tundu huugusa mgongo wa madabodi, na umeme ukipita hapo kuna hatari ya kuiunguza. Kila skrubu anaianza kwa vidole. Zipo za nyuzi nene na za nyuzi nyembamba, na ikigoma kwa vidole hailazimishi kwa bisibisi, anatafuta nyingine.

Barabara nayo ina neno lake. Analishika kasha tupu kwa pembe moja na kuliinua, likijipinda, analirudisha. Bati la nusu milimita hulia njia nzima na kulegeza skrubu, la milimita 0.8 hutulia. Kioo anakikataa kwa upole. Siku ya kusafirisha huichomoa kadi ya picha na kulilaza kasha ubavu, madabodi ikiwa chini, ili uzito wa kipoza joto ukandamize badala ya kuning'inia.

Baridi ya Rangwi inasaidia, kwa hiyo feni sita hazihitajiki. Anaweka mbili za kuvuta mbele na moja ya kutoa nyuma, hewa inayoingia izidi inayotoka, ili vumbi lipite kwenye chujio badala ya kupenya kila mwanya. Chujio lazima litoke bila bisibisi, kwa sababu atakayeliosha ni mwenye duka. Nafasi za kadi zilizo tupu nyuma huziba zote. Panya hupenda joto.

Wengi huuogopa ukungu, lakini hatari kubwa iko kwenye kushuka. Kompyuta iliyolala na baridi ya mlimani ikifunguliwa Mombo au Tanga, unyevu wa hewa ya joto hugeuka matone juu ya bati na madabodi. Yeye huiacha ndani ya mfuko uliofungwa kwa saa kadhaa mpaka ipate joto la mahali, ndipo aiwashe.

Nawe ukienda kununua kasha, nenda na futikamba na vipimo vya madabodi, kipoza joto, kadi na pawa saplai vikiwa vimeandikwa kwenye karatasi. Kabla hujalipa, omba pakiti ya skrubu na uhesabu nguzo za shaba. Kurudi Dar es Salaam kutoka Rangwi kwa ajili ya nguzo moja ni nauli ya bure.