Uso Kwanza! Nimeskaniwa Dodoma na Bado Sijatulia

Jamani, jamani, jamani! Nimetoka kliniki sasa hivi, mashavu bado yanauma kwa kucheka, na lazima nikuambie kabla sijakaa, kabla upepo huu wa Dodoma haujanipeperusha hadi Chamwino: kuna daktari wa meno hapa mjini ambaye hakuanza na mdomo wangu. Alianza na uso! Uso mzima, mwenzangu, paji, pua, mashavu, kidevu, hadi masikio. Meno yakaja mwisho kabisa, yakapandikizwa mahali pake ndani ya uso huo kwenye skrini, na nikajiona. Mimi mwenyewe! Siyo mrembo wa kwenye bango, siyo picha ya msanii iliyobandikwa ukutani. Mimi, na pua yangu hii pana ya ukoo, na kovu langu la utotoni juu ya nyusi, nageuka taratibu kushoto, nageuka kulia, nacheka kwa meno ambayo bado sina. Na bado!

Nilikuwa nimejiandaa kwa lile zoezi la siku zote. Unalijua. Trei iliyojaa ujiuji wa pinki inasukumwa mpaka karibu na koo, machozi yanakutoka, mate yanatiririka hadi shingoni, na wewe unaomba Mungu usitapike mbele ya watu. Hakikuja kitu cha namna hiyo. Daktari alifungua droo akatoa simu. Simu! Simu ya mfukoni kabisa. Nikadhani anampigia mtu. Kumbe tangu mwaka 2017, ilipotoka iPhone X, zipo simu ambazo kamera yake ya mbele inarusha usoni zaidi ya nukta 30,000 za mwanga usioonekana, ili simu imtambue mwenyewe na kujifungua. Wajanja wa meno wakaona: mwanga unaoweza kumtambua mwenye simu si unaweza pia kuuchora uso wa mgonjwa, na mabonde yake na vilima vyake vyote? Zipo mashine kubwa zaidi, zenye kamera kadhaa zinazopiga kwa mpigo mmoja, nzuri mno, lakini hii ya simu ndiyo iliyonirusha akili, kwa sababu inaingia kwenye begi, inakwenda Kondoa, inakwenda Manyoni, inakwenda popote.

Na unahisi nini? Hakuna! Hakuna joto, hakuna mlio, hakuna mwanga wa kukuumiza macho. "Dada, tulia hivyo hivyo, tazama mbele, midomo ilegee." Simu inazunguka polepole kutoka sikio hadi sikio, inashuka chini ya kidevu, inapanda, na kwenye skrini ya kompyuta uso unaota kipande kwa kipande, shavu, kisha ncha ya pua, kisha lile bonde dogo juu ya mdomo ambalo sikuwahi kulitazama maishani. Nikasisimka mwili mzima. Halafu: "Sasa cheka." Nikacheka kistaarabu. Akakataa! "Hicho cha pasipoti, dada. Nataka kile cha nyumbani, ukiwa na watu wako." Sasa ucheke vipi kwa kuamriwa? Muuguzi pembeni akanisimulia kioja cha jogoo wa jirani yake, nikapasuka, na simu ikanidaka hapo hapo, katikati ya kicheko cha kweli kweli. Hiyo ndiyo picha anayoitaka, kwa sababu midomo ikicheka kwa dhati inapanda zaidi, na meno yanayoonekana hapo ndiyo meno ambayo dunia itayaona.

Ikafuata skani ya tatu, midomo imevutwa nyuma kwa kiplastiki ili meno yote yawe wazi. Usiidharau hata kidogo! Ndiyo inayofunga ndoa. Baada yake daktari anaingiza mdomoni kijiti chenye kamera kwenye ncha, kina uvuguvugu kidogo wa kupendeza ili pumzi isikitie ukungu, kinapita juu ya jino moja moja, mbele, nyuma, kwenye kona za magego ambako hata mswaki wangu hufika kwa kusuasua, na meno yanajijenga kwenye skrini, meupe pale yalipo meupe, ya njano pale yalipo ya njano, hakuna kuoneana haya. Sasa kompyuta ina uso mahali pamoja na meno mahali pengine. Inayatafuta yale meno yaliyoonekana katika skani zote mbili, inayalinganisha, na tap! Yanaingia usoni. Nilipiga kelele. Nilipiga kelele kweli, na mzee aliyekuwa akisubiri nje akachungulia mlangoni kuona kama nimeng'olewa jino.

Sasa sikiliza kwa nini hili ni jambo kubwa, kubwa mno. Kamera za kuingia mdomoni si za jana. Kule Zurich, Uswisi, mgonjwa wa kwanza alitengenezewa kijazo cha jino kwa kamera na kompyuta mwaka 1985. Lakini kwa miaka mingi fundi wa maabara alikuwa akipokea meno matupu. Hajui yanakaa chini ya pua ya namna gani, macho yamekaa sawa au moja liko juu, midomo ni minene au myembamba. Ndiyo maana unamwona mtu ametoka kutengeneza meno, kila jino zuri ukilitazama peke yake, lakini ukimtazama yeye, kuna kitu hakijakaa. Fundi cherehani yeyote pale soko la Majengo hukupima mwili kwanza ndipo ashike mkasi. Meno yalikuwa yanakatwa bila mwenye mwili kuonekana! Mimi mwenyewe nilipigwa na butwaa. Meno yangu ya juu, ukiyatazama peke yake, yamenyooka safi kabisa. Daktari akachora mstari kati ya mboni na mboni, akachora mwingine kutoka katikati ya paji kushuka hadi kidevuni, na hapo hapo nikaona: meno yameinama kidogo upande wa kulia. Miaka yote hiyo! Kila picha ya harusi nimekuwa nikiinamisha kichwa bila kujua ninasawazisha nini.

Na bado, na bado! Lililonigusa zaidi halikuwa langu.

Ukikulia huku kwetu kwenye uwanda wa kati, huhitaji kusimuliwa habari ya meno ya kahawia. Singida, Dodoma vijijini, ukipanda kuelekea Manyara na Arusha, maji ya visima vingi yamepita kwenye miamba yenye madini ya floraidi, na mtoto anayeyanywa wakati meno yake bado yanajijenga ndani ya taya huota meno yenye madoa, mengine meupe ya chaki, mengine ya kahawia iliyokolea, mengine yenye vishimo. Si uchafu! Si uvivu wa kupiga mswaki! Sugua mpaka ufizi utoke damu, doa halitoki, maana limo ndani ya jino lenyewe. Nimeishi na watu wanaocheka na kiganja mdomoni tangu shule ya msingi mpaka wana wajukuu, na inaniuma.

Basi mbele yangu alikuwepo mama mmoja wa Singida, mtu mzima, akaniruhusu nisimame nyuma ya kiti nitazame. Kanga haikutoka mdomoni hata alipokuwa akisalimiwa. "Mama, toa mkono kidogo tu, tukuone," daktari akamwambia kwa upole mkubwa. Akaskaniwa. Akacheka, kwanza kwa woga, halafu kwa nguvu. Na skrini ikaonyesha jambo ambalo macho yetu hayakuwa yameliona: mama huyu akicheka kwa uwezo wake wote, meno ya chini hayaonekani kabisa, na ya juu yanaonekana manane tu. Manane! Alikuja akidhani atatengenezewa kinywa kizima. Daktari akajaribu kwenye skrini dawa ndogo kwanza: kukwangua doa juu juu na kung'arisha, maana madoa mepesi mara nyingi hayahitaji zaidi ya hapo, kisha akafunika yale mawili tu yenye vishimo virefu. Akageuza ule uso taratibu. Mama akautazama kimya, akasogea karibu, akasema, "Kumbe nikicheka nafanana na binti yangu!" Mimi hapo nilikuwa nimeshalia zamani.

Hebu fikiria maana yake. Mpango wa kupunguza, siyo wa kuongeza! Meno yake mwenyewe yanabaki, fedha yake inabaki, na ameamua mwenyewe huku akijiona.

Kisha ikawa zamu yangu ya kujaribisha, na hapa ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Kile kilichochorwa kwenye skrini kinachapwa kwa printa ya 3D, kinatoka kielelezo cha meno kigumu, laini, unatamani ukiweke mfukoni uondoke nacho. Printa inanguruma, mimi niko nje kwenye kivuli nakula zabibu. Narudi, daktari anaweka uji mzito wa rangi ya jino ndani ya kiganda kilichonakiliwa kutoka kwenye kile kielelezo, anakibana juu ya meno yangu, panapata joto kidogo, kiharufu cha dawa, anavuta, na ulimi wangu unakutana na meno mapya! Laini, yanateleza, marefu kidogo kuliko niliyoyazoea. Hakuna jino lililokwanguliwa. Hakuna sindano. Yanabanduka yote, na wewe unabaki ulivyokuja. "Hesabu, dada, kuanzia sitini." Sitini, sitini na moja… nikifika sitini na sita daktari anainamisha sikio, anasikiliza ile "s" kama inapiga mluzi. "Sema fedha, fahari, vifaranga." Ncha za meno ya juu zinapaswa kuligusa pindo la mdomo wa chini, kwa wepesi, zisiuchome. Moja ilichoma. Akaipunguza hapo hapo kidogo, kidogo tena, nikasema vifaranga mara nyingi kuliko mfugaji yeyote wa Nzuguni, na ikakaa!

Haya, niseme na haya, maana nakupenda na sitaki upate hasara. Skani ya uso haioni mzizi, haioni mfupa, haioni jino lililooza kwa ndani. Eksirei iko pale pale, na fizi zinazotoka damu hutibiwa kwanza kabla mtu hajazungumzia urembo. Nywele na ndevu nyingi huichanganya, ukitikisika uso unatoka umepinda, na ngozi laini haipimiki kwa usahihi ule wa jino gumu. Na hakuna skani itakayosafisha kisima. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa, kuchemsha hakuiondoi, maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni rafiki wa meno ya mtoto, na kule Ngurdoto, Arusha, wataalamu wetu wamechuja floraidi kwa mkaa wa mifupa. Maji salama nayo tuyadai kwa sauti hiyo hiyo ya furaha, tusichoke.

Jingine: uso wako ni wako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya zimo ndani yake. Uliza skani inahifadhiwa wapi, nani anaiona, itafutwa lini. Daktari wangu alinijibu kabla sijamaliza swali, nikamwamini zaidi. Ninavyotamani kila mwanafunzi wa udaktari wa meno, wa Muhimbili na wa UDOM, aishike hii simu, auone uso ukiota, asikie mgonjwa akipiga kelele za furaha kwenye kile kiti tunachokiogopa sote!

Kwa hiyo nenda, tafadhali nenda! Wewe wa Dar, treni ya SGR inafika Dodoma tangu 2024, huna kisingizio. Uliza bei ya kila hatua mapema, piga mswaki, funga nywele nyuma, kama una ndevu zichonge, na wakikuambia ucheke, ucheke kile cha nyumbani.