Mikono ya Locost: kazi isiyoonekana kwenye mashine ya alaimenti

Mwaka 1996 Haynes, wachapishaji wa Uingereza, walitoa kitabu cha Ron Champion, mwalimu wa shule ya Oundle, kinachomwonyesha msomaji namna ya kujijengea gari la michezo kwa pauni 250. Gari hilo, Locost, limefuata umbo la Lotus Seven aliyoibuni Colin Chapman mwaka 1957: chasisi ya mabomba ya mraba yaliyochomelewa, injini mbele, magurudumu ya mbele yakiwa nje kabisa ya bodi. Sifa nyingi huenda kwenye bei. Ugumu wa kazi uko kwenye gurudumu la mbele.

Gari la kiwandani huchorwa likiwa kitu kimoja. Locost huokotezwa. Vibeba habu, yaani vile vyuma vinavyoshika habu na kuunganisha mkono wa juu na wa chini wa sasipensheni, hutoka kwenye Ford Cortina. Raki ya usukani hutoka kwenye Ford Escort. Cortina ya miaka ya 1970 ilikuwa na mikono miwili kila upande mbele, Escort ilisimama juu ya shokomzoba iliyobeba gurudumu moja kwa moja. Hakuna mhandisi wa Ford aliyewahi kukaa akahesabu vipi raki ya hii itaelewana na kibeba habu cha ile. Mjenzi anachotengeneza mwenyewe ni mikono na sehemu za kuifungia kwenye chasisi, basi upatanisho wote sharti ufanyikie hapo.

Kuna pembe zinazorekebishika kwa spana na kuna zinazofungwa na moto wa kuchomelea, na wajenzi waangalifu huanza na hizi za pili. Ya kwanza ni kasta: bol-joint ya juu huwekwa nyuma kidogo ya ile ya chini, kama uma wa baiskeli ulivyolala, ili usukani urudi katikati wenyewe baada ya kona. Cortina ilikuwa na uzito wa takriban tani moja. Locost ina karibu nusu yake, na uzito unaokandamiza matairi ya mbele ni mdogo. Kasta iliyotosha kwenye gari zito inaweza kuufanya usukani wa gari jepesi uwe mlegevu, usiotaka kurudi. Nyuzi 5 au 6 ni mahali pazuri pa kuanzia. Mkono wa juu ukishachomelewa, kinachobaki ni kuusogeza mbele au nyuma kwa washa kwenye bolti zake, na washa haziendi mbali.

Kemba, yaani mlalo wa gurudumu ukilitazama kwa mbele, ina pande mbili. Ile ya gari likiwa limesimama ni rahisi, kwa sababu bol-joint ya juu ina hesi, huzungushwa ndani au nje. Ikiwa umbali kati ya bol-joint mbili ni milimita 230, kusogeza milimita 4 hubadili kemba kwa karibu nyuzi 1. Ile ya gari likiwa kwenye kona imeshaamuliwa na urefu wa mikono. Mkono wa juu hufanywa mfupi kuliko wa chini ili bodi inapolala upande mmoja, gurudumu la nje livutwe kwa juu kuelekea ndani na tairi libaki limekanyaga barabara kwa upana wake.

Kazi kubwa zaidi ni tairodi, fimbo inayounganisha raki na mkono wa usukani wa gurudumu. Gurudumu linapopanda juu ya tuta, mikono huliongoza kwenye njia ya mviringo. Ncha ya tairodi nayo ina mviringo wake. Miviringo hiyo isipolingana, gurudumu hujipinda bila dereva kugusa usukani, na gari huyumba kila linapopita kwenye shimo. Ili ilingane, kiungo cha ndani cha tairodi kinapaswa kuwa kwenye mstari unaounganisha pivoti za ndani za mkono wa juu na wa chini, na tairodi yenyewe ielekee pale ambapo mistari ya mikono hiyo miwili ingekutana kama ingerefushwa.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Springi hutolewa, chasisi hufungwa imara juu ya stendi, usukani hukazwa katikati, na ubao ulionyooka hufungwa kwenye habu. Jeki huinua gurudumu milimita 10 kwa 10, hadi 50 juu ya kimo cha kawaida, kisha hadi 50 chini. Kila hatua hupimwa umbali wa ncha ya mbele na ya nyuma ya ubao kutoka kwenye fito iliyosimamishwa kando, isiyogusana na gari.

Umbo la matokeo ndilo linalotaja ugonjwa. Kwenye Locost raki iko mbele ya ekseli. Gurudumu likifunguka nje linapopanda na kufunga ndani linaposhuka, raki iko juu mno: ishushwe. Likifanya kinyume, iko chini mno: iwekewe vipande vya bati chini ya vishikio vyake. Lakini likifunga ndani pande zote mbili, likipanda na likishuka, kimo si tatizo. Tairodi ni fupi mno kwa sababu viungo vya ndani vya raki vimekaa mbali mno na katikati ya gari. Hapo bati halisaidii. Raki hufupishwa, au pivoti za mikono huhamishwa. Ndiyo maana wanaoijua kazi hushikiza pivoti hizo kwa nukta chache za moto tu, wakapima, ndipo wakachomelea kikamilifu.

Hesabu ya kona, ile ya gurudumu la ndani kupinda zaidi ya la nje, ni ya zamani kuliko gari lenyewe. Georg Lankensperger wa Munich aliibuni kwa magari ya farasi, na Rudolph Ackermann akaisajilia hataza London mwaka 1818. Kwenye Locost mkono wa usukani huja na kibeba habu, kwa hiyo mjenzi huipokea ilivyo. Kinachobaki mikononi mwake ni kusogeza raki mbele au nyuma kidogo.

Baada ya hayo yote ndipo zinapokuja namba ambazo karakana ya alaimenti huzipima. Sakafu husawazishwa kwanza kwa mpira wa maji, ule ule wa mafundi ujenzi, na vigae huongezwa chini ya gurudumu lililo chini. Mifuko ya mchanga yenye uzito wa dereva huwekwa kitini, kwa sababu kwenye gari la kilo 500 na kitu, mtu mzima hubadilisha kimo na pembe zote. Kamba za mshipi hunyooshwa pande zote mbili sambamba na mstari wa katikati ya gari. Kemba ya kuanzia ni nyuzi 1 hadi 1.5 kuelekea ndani. Kwenye rimu yenye kipenyo cha milimita 350, nyuzi 1 ni tofauti ya milimita 6 hivi kati ya juu na chini. Kasta hupatikana kwa kupinda gurudumu nyuzi 20 kulia, kisha 20 kushoto, na kuzidisha tofauti ya kemba kwa 1.5. Mwisho magurudumu hufungwa kwa mbele, milimita 1 au 2 kwa jumla, na kwa kuwa kila badiliko la kemba au kasta huivuruga namba hii, haina maana kuigusa mapema.

Mashine ya alaimenti husoma gari lililosimama, na gari lililosimama linaweza kutoa namba safi hata kama raki imekaa pabaya. Kwa gari la kiwandani hilo halina madhara, maana mwendo wa gurudumu ulishahesabiwa na watu wengine. Anayejenga Locost hana watu hao. Karatasi ya alaimenti yenye namba za kijani isimridhishe kabla hajapanga kwenye karatasi yake mwenyewe vipimo vya jeki, kutoka milimita 50 chini hadi 50 juu.