Unapochonga Ufunguo wa Gari, Unachonga Nini?

Gari lililotumika likishushwa bandarini Dar es Salaam au Mombasa kutoka Japani, mara nyingi huja na ufunguo mmoja tu. Mwenye gari hulisajili, hulikatia bima, hulivisha matairi mapya, na habari ya ufunguo wa pili huisahau mpaka siku ule wa kwanza unapomponyoka. Hapo ndipo anapotajiwa bei tatu na mafundi watatu. Wote huenda wanasema kweli, kwa sababu kila mmoja anazungumzia kitu chake.

Ndani ya kile kipande cha plastiki mna vifaa vitatu visivyotegemeana: chuma kinachozungusha kitasa, chipu inayoipa injini ruhusa ya kuwaka, na rimoti inayofunga milango. Kimoja hufa, vingine vikabaki hai. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza unanunua kipi.

Chuma ndicho chepesi kuliko vyote. Mashine ya mezani hufuata meno ya ufunguo wa zamani na kuyachonga kwenye chuma kipya, pamoja na ulaji wake wote. Ufunguo uliozungushwa miaka 15 umelika, nakala yake huzaliwa imelika, na nakala ya nakala hukwama kwenye swichi. Fundi mzuri huchonga kwa kufuata namba ya ufunguo, ile iliyogongwa kwenye kibati kidogo kinachotoka na gari kiwandani, au huyapima meno na kuyarudisha kwenye kina chake cha asili.

Chipu ndiyo inayowatoa watu jasho. Aliyechongewa chuma peke yake atafungua mlango, atazungusha swichi, stata itapiga, na injini itagoma, au itashika kidogo na kuzima. Si plagi wala pampu ya mafuta. Ni imobilaiza, kifaa kinachoizuia injini isipoitambua chipu, imekataa. Baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayana kifaa hicho, na kwa hayo chuma kinatosha. Kwenye Toyota nyingi utaijua kwa taa nyekundu ya dashibodi inayomwekamweka gari likiwa limezimwa na ufunguo umetolewa.

Chipu yenyewe haina betri. Ni kidonge cha kioo au kipande cheusi kilichofichwa kwenye kichwa cha ufunguo. Koili inayozunguka tundu la swichi hutoa uga wa sumaku wa kilohezi 125 au 134.2, chipu hujipatia umeme humo, kisha hujibu. Chipu za kwanza zilitaja namba ileile kila mara, hivyo aliyeisoma mara moja aliweza kuinakili. Zilizofuata zilibadilisha utaratibu: gari hutuma namba ya kubahatisha, chipu huichanganya na siri iliyomo ndani yake na kurudisha jibu, na gari, ambalo nalo linaijua siri hiyo, hupiga hesabu ileile. Majibu yakilingana, injini huruhusiwa. Siri yenyewe haipiti hewani kamwe. Ni usanifu ninaouheshimu sana, na Umoja wa Ulaya uliamua magari mapya yote yawe na imobilaiza kuanzia 1998.

Udhaifu ulikuwa kwenye urefu wa siri. Chipu ya Texas Instruments iliyotumiwa na watengenezaji wengi ilikuwa na siri ya biti 40, yaani michanganyiko inayozidi trilioni moja. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na maabara za RSA waliunganisha chipu 16 za kupigia hesabu na kuipata siri ya ufunguo kwa muda usiofika saa moja, kisha wakawasha gari la Ford kwa kifaa walichokiunda wenyewe. Toleo lililofuata lilikuwa na biti 80. Mwaka 2020 watafiti wa KU Leuven na Birmingham walionyesha kwamba kwenye baadhi ya Toyota siri hiyo ilitokana na namba ya utambulisho ambayo ufunguo wenyewe huitangaza, na kwenye baadhi ya Kia na Hyundai ni biti 24 tu zilizokuwa za kubahatisha. Kufuli lilikuwa imara. Waliolifunga ndio waliozembea.

Udhaifu huo ndio unaomwezesha fundi wa mtaani kunakili chipu nyingi za zamani, na hapa pana tofauti ambayo mteja haelezwi. Chipu iliyonakiliwa ni ileile ya kwanza mbele ya gari. Gari halijui kwamba zipo mbili. Chipu iliyosajiliwa ina utambulisho wake na imeandikwa kwenye kumbukumbu ya gari. Zote zinawasha. Lakini siku ufunguo wa awali ukiibwa na ukataka ufutwe, nakala yake inakufa nao. Ndiyo maana ningelipa zaidi nisajiliwe, hata kama kunakili kunamalizika upesi.

Rimoti ni redio ndogo, na kosa lake kuu ni masafa. Za Japani hufanya kazi karibu na megahezi 315, za Ulaya 433.92. Mbili zinaweza kufanana vitufe na umbo, moja isisikilizwe kabisa. Linganisha namba iliyochapwa kwenye bodi ya ndani, usiliamini ganda. Ukinunua betri, soma pia: CR2032 ina kipenyo cha milimita 20 na unene wa 3.2, CR1632 ina kipenyo cha 16, na moja haikai mahali pa nyingine.

Magari ya kuwasha kwa kitufe yameunganisha chipu na rimoti kwenye bodi moja. Kenya hairuhusu gari lililotumika linalozidi miaka 8 kuingizwa, kwa hiyo funguo hizi zimejaa huko. Betri yake ikifa, usivunje kioo: chuma kimefichwa ndani ya ganda, nacho hufungua mlango, kisha kwenye Toyota unakanyaga breki, unaugusisha ufunguo kwenye kitufe cha kuwashia, na chipu isiyohitaji betri inasomwa.

Funguo zote zikipotea, kazi hubadilika. Ukibaki na ufunguo mmoja hai, gari lina shahidi wa kumkubali mgeni. Usipobaki nao, Toyota nyingi hulazimika kufutwa kumbukumbu kwa mashine inayochomekwa chini ya usukani, kwa kusubiri dakika 16. Za zamani zaidi hufunguliwa boksi la imobilaiza, chipu ya kumbukumbu ikabanduliwa na kuandikwa upya. Usajili huo mpya huzifuta funguo za awali, na aliyeokota ufunguo wako hawezi tena kuwasha gari. Chuma chake bado kitafungua mlango, mpaka vitasa vyenyewe vibadilishwe.