Kumbukumbu za Jeshi kama Ushahidi: Uhakiki wa Usawiri wa Mshukiwa katika Zodiac ya Robert Graysmith na Filamu ya David Fincher

Kati ya Desemba 1968 na Oktoba 1969, mtu aliyejiita Zodiac aliwaua watu watano na kuwajeruhi wawili kaskazini mwa California. Hadi leo hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa mauaji hayo. Robert Graysmith, aliyekuwa mchora katuni wa gazeti la San Francisco Chronicle wakati barua za muuaji zilipokuwa zikipokelewa, aliandika vitabu viwili juu ya mkasa huo. Katika Zodiac (1986) mshukiwa mkuu amefichwa chini ya jina la bandia. Katika Zodiac Unmasked (2002) anatajwa waziwazi kuwa Arthur Leigh Allen, mkazi wa Vallejo aliyefariki mwaka 1992. Kazi ya Graysmith ndiyo iliyompa David Fincher msingi wa filamu yake ya mwaka 2007. Uhakiki huu unashughulikia kipengele kimoja cha kazi hizo: jinsi utumishi wa Allen katika Jeshi la Wanamaji la Marekani unavyogeuzwa kutoka sifa ya kundi kubwa la watu na kuwa alama ya mtu mmoja.

Mgeuko huo unaanzia kwenye unyayo. Baada ya shambulio la tarehe 27 Septemba 1969 kando ya ziwa Berryessa, wapelelezi wa Napa walikuta alama za viatu, wakapima kina chake ili kukadiria uzito wa aliyevivaa, na wakabaini kuwa ni buti za aina ya Wing Walker, zilizotengenezwa kwa mkataba wa serikali kwa matumizi ya jeshi. Graysmith mwenyewe anaeleza kuwa zaidi ya jozi laki moja zilipelekwa Ogden, Utah, ili zisambazwe katika kambi za magharibi. Takwimu hiyo ingepaswa kumtia msomaji tahadhari, kwa kuwa inaonyesha upana wa kundi la waliowahi kuvaa viatu hivyo. Katika mtiririko wa usimulizi inafanya kazi kinyume. Msomaji anaelezwa kwanza kuwa buti zinaelekeza jeshini, kisha kurasa nyingi baadaye anakutana na mshukiwa aliyewahi kuwa mwanamaji, na umbali kati ya taarifa hizo mbili unampa hisia kwamba amegundua jambo. Hoja ya kimantiki haijajengwa. Kilichojengwa ni kumbukumbu ya msomaji.

Udhaifu wa hoja hiyo unadhihirika zaidi mandhari inapozingatiwa. Vallejo ni mji uliokulia kando ya karakana ya meli za kivita ya Mare Island. Si mbali na hapo kuna kituo cha Jeshi la Anga cha Travis, na kuzunguka ghuba ya San Francisco kulikuwa na Presidio, Alameda, Oakland na Treasure Island. Uandikishaji wa lazima jeshini uliendelea nchini Marekani hadi mwaka 1973, na wanaume wa makamo wa wakati huo walikuwa wa rika la Vita Kuu ya Pili na vita vya Korea. Pengine katika mji kama huo mwanamume ambaye hakuwahi kuvaa sare ndiye angehitaji kuelezewa zaidi. Graysmith anayataja mazingira hayo, lakini anayatumia kama rangi ya mandhari. Hayapimi dhidi ya hoja yake, na hilo ndilo pengo kubwa la usimulizi wake.

Hali ni hiyo hiyo kwa maandishi ya siri. Dhana kwamba aliyeyatunga lazima awe amefunzwa na jeshi ina mvuto wa kitamthilia. Hata hivyo, fumbo la kwanza lenye alama 408, lililotumwa kwa magazeti matatu Julai 1969, lilifumbuliwa baada ya siku chache na mwalimu wa shule wa Salinas akishirikiana na mkewe. Lile la alama 340 lilifumbuliwa mwaka 2020 na wapenzi watatu wa mafumbo kutoka Marekani, Australia na Ubelgiji. Ikiwa mwalimu na mkewe waliweza kulifumbua fumbo la kwanza mezani kwao, ni vigumu kushikilia kwamba kulitunga kulihitaji kambi.

Swali la msingi, ambalo vitabu vyote viwili vinalipita kwa haraka, ni hili: jalada la jeshi linaweza kuthibitisha nini? Nguvu yake kubwa iko katika tarehe na vituo. Linaweza kuonyesha kwamba askari alikuwa melini siku fulani, na hivyo kumwondoa kabisa katika orodha ya washukiwa. Kwa Allen nguvu hiyo haipo, kwani aliachishwa utumishi mwaka 1958, miaka kumi kabla ya mauaji ya kwanza. Kinachobaki ni matumizi dhaifu ya jalada, yaani kulisoma kama ushahidi wa tabia. Kuondoka kwake jeshini kwa namna isiyo ya heshima kamili kunawekwa kando ya kufukuzwa kazi ya ualimu na kando ya hatia ya mwaka 1975 ya kumdhulumu kingono mtoto. Allen hakuwa mtu wa kutetewa kwa urahisi, na karaha anayoihisi msomaji ni ya haki. Lakini karaha hiyo inaziba nafasi ambayo ushahidi haukuijaza: alama za vidole, mwandiko na baadaye vinasaba havikumuunganisha na uhalifu huo.

Yafaa pia kukumbuka moto wa tarehe 12 Julai 1973 katika hifadhi ya kumbukumbu za watumishi wa jeshi huko St. Louis, ulioteketeza majalada kati ya milioni 16 na 18. Yaliyoungua yalikuwa ya Jeshi la Nchi Kavu na Jeshi la Anga. Ya Wanamaji hayakuguswa. Anayemshuku askari wa zamani wa Jeshi la Anga anaweza kulitumia pengo hilo apendavyo, kwa kuwa jalada lisilokuwepo halimpingi mtu. Graysmith hana udhuru huo.

Fincher anakwenda kwa uangalifu zaidi, ingawa si kila mahali. Filamu yake inaonyesha majalada yaliyotawanyika kati ya Vallejo, Napa, Solano na San Francisco, na ofisi ambazo hazina hata mashine ya kutumiana nyaraka. Shaka inapewa nafasi. Lakini katika onyesho la mahojiano ya mwaka 1971, kamera inashuka hadi kwenye buti za Allen kisha inatua kwenye saa yake ya Zodiac, nao wapelelezi wanatazama pamoja na mtazamaji. Kwa sekunde chache picha inatoa hukumu ambayo mazungumzo yenyewe yanaikwepa. Onyesho la mwisho, lililowekwa mwaka 1991, linarudi kwenye kiasi: manusura wa shambulio la Vallejo anapewa picha kadhaa, anachagua ya Allen, na anapoulizwa ana uhakika kiasi gani anajibu kuwa ni angalau nane kati ya kumi. Anachokitegemea ni sura aliyoiona usiku mmoja, miaka 22 nyuma.