Kilele cha Kila Zamu: Usiku Wangu wa Kwanza na find_peaks

Aisee! Nimelala saa nane usiku na sijutii hata kidogo. Nimeipa find_peaks vipimo vya mfereji wetu hapa Nduruma, nayo ikanitolea kilele cha kila zamu ya maji, kimoja kimoja, kabla chai yangu haijapoa.

Kwa wasioijua, ni amri moja tu ndani ya SciPy, maktaba ya bure ya lugha ya Python. Iliingia kwenye toleo la 1.1 mwaka 2018, kwa hiyo wajuzi watanicheka. Wacheke. Kwangu ni mpya na vigelegele napiga.

Shida yenyewe kila mkulima wa huku anaijua. Mto Nduruma unatoka Mlima Meru kuelekea Kikuletwa, na njiani wote tunauhitaji: wa juu, wa kati, wa chini, na mashamba makubwa ya maua. Mgawanyo huo hata watafiti wameuandikia, akiwemo Hans Komakech wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru. Dawa yetu ni zamu. Maji yanapanda mferejini, yanatulia, yanashuka, kisha yanapanda tena kwa mwingine. Ninachotaka kujua ni kimo cha juu cha zamu yangu. Cha mwezi mzima hakinisaidii kitu.

Kihisi changu (ukisema sensa watu wanadhani unakuja kuhesabu kaya) ni kile cha mwangwi, kimefungwa ubaoni juu ya mfereji, kinapima kila dakika 10. Hivyo ni vipimo 144 kwa siku, 4,320 kwa siku 30. MAX ya Excel inakupa namba moja ya mwezi wote, pengine ya siku ya mvua. MAXIFS inaweza kutafuta ndani ya kila zamu, lakini uwe umeshaandika kila moja ilipoanza na ilipoisha. Na zamu za huku haziendi na saa! Mmoja akichelewa kufunga, wote tunasogea. find_peaks haiulizi ratiba; inafuata maji yenyewe.

Mwanzo nilijiaibisha. Kihisi hupima umbali hadi kwenye maji, kwa hiyo mfereji ukijaa namba inapungua. Nilikuwa nashangilia vilele vya mfereji mkavu! Nikatia alama ya kutoa mbele ya data, mambo yakanyooka. Ila vilele vilikuwa vya kumwaga: kila kiwimbi, kila jani lililopita. Nikaweka distance=36, yaani vilele viachane angalau saa 6. Kisha prominence=8, kilele kiinuke angalau sentimita 8 kutoka kwenye mabonde yanayokizunguka. Paap! Zikabaki zamu tupu. Hicho kigezo cha pili nimekipenda kuliko simu yangu.

Halafu nikaona kituko: zamu za mchana zote zimejaa kuliko za usiku. Wivu ulinipanda, kumbe ni joto. Mwendo wa sauti hewani huongezeka takriban mita 0.6 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja, na kihisi changu hakijui kama kuna baridi au jua. Kutoka nyuzi 15 hadi 30, kwenye umbali wa mita moja, kosa linafika kama sentimita 2.6. Mwangwi unawahi kurudi, maji yanaonekana yamepanda. Haitoshi kuzaa kilele cha uongo, lakini inatosha kumpa mtu wa mchana sifa asizostahili. Kipimajoto kidogo pembeni na hesabu ya mstari mmoja vimemaliza kesi.

Lawama ninayo moja. Kilele kikiangukia kipimo cha kwanza au cha mwisho cha faili, hakihesabiwi. Nimepoteza zamu nzima ya Jumapili usiku hivyo. Sasa nakata faili mfereji ukiwa mtupu.

Asubuhi nilimwonyesha mchoro mzee jirani, ambaye zamu yake hutangulia yangu. Baada ya shikamoo akavaa miwani, akafuata vilele kwa kidole mpaka kimoja chembamba cha saa tisa usiku, ambacho si cha zamu ya mtu yeyote.

"Kijana wangu, hii inaonyesha na jina?"

"Hapana mzee, saa tu."

Akavua miwani, akaniuliza nyanya zangu zinaendeleaje.