Historia Huanzia Wapi? Uhakiki wa Common Ground na Masimulizi ya Shule za Boston

Makala haya yanahakiki kitabu cha J. Anthony Lukas, Common Ground (1985), kinachosimulia harakati za kuondoa utengano wa rangi katika shule za umma za jiji la Boston, Marekani. Kitabu hicho, kilichopata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1986, kinafuatilia familia tatu: ya Wamarekani Weusi, ya wafanyakazi wenye asili ya Ireland, na ya Wazungu wa tabaka la kati. Tunadai kwamba mahali kinapouanzishia mgogoro panaathiri hukumu ya msomaji kuhusu aliyeusababisha.

Nguvu ya kitabu imo katika huruma yake kwa pande zote. Lukas anaonyesha kwamba mzigo wa amri ya mahakama uliwaelemea maskini wa Roxbury, South Boston na Charlestown, ilhali vitongoji vya wenye nacho vilisalimika. Hapo yu sahihi. Jaji W. Arthur Garrity alitoa hukumu tarehe 21 Juni 1974. Mwezi uliofuata, katika shauri la Milliken dhidi ya Bradley lililotoka Detroit, Mahakama ya Juu ilibana mno uwezekano wa kuvihusisha vitongoji.

Hata hivyo, msuko unaoanza na kuuawa kwa Martin Luther King mwaka 1968 na kupanda hadi mabasi ya 1974 unamfanya msomaji aione mahakama kuwa chanzo cha fujo. Ukweli ni kwamba wazazi Weusi waliwasilisha madai yao mbele ya Kamati ya Shule mwezi Juni 1963, Ruth Batson akiwa msemaji wao. Kamati, chini ya uenyekiti wa Louise Day Hicks, ilikataa kukiri kwamba utengano ulikuwapo. Mwaka 1965, kupitia Operation Exodus, wazazi wa Roxbury waliwasafirisha watoto wao wenyewe kwa mabasi hadi shule zenye nafasi. Chombo kilichopigwa mawe mwaka 1974 kilikuwa, miaka tisa kabla, tegemeo la hiari la wazazi. Lukas anamchora Hicks kwa kina, lakini wazazi hao wanabaki pembezoni mwa masimulizi.

Suala hili si la kifani tu. Garrity alithibitisha kwamba Kamati ilidumisha utengano kwa kujua. Anayeanzia 1974 huhitimisha kwamba sera ilishindwa. Anayeanzia 1963 huuliza ukaidi wa miaka 11 uligharimu nini.

Kwetu tuliorithi shule zilizogawanywa na wakoloni baina ya Wazungu, Waasia na Waafrika, swali hilo linatuhusu. Tathmini ya sera inayoanzia siku ya amri huwaacha nje waliodai haki kabla yake, na huwasamehe waliowanyima.