“Iko kwenye intaneti”

Bandugu wa promosyo zote, mnisamehe, leo sileti tangazo la kazi. Naleta ukosoaji, na wa kwanza kukosolewa ni mimi.

Kuna sentensi tunaipenda sana sisi wenye tulimaliza masomo: wanafunzi wa leo hawana kisingizio, kila kitu kiko kwenye intaneti. Hapa hapa nimeiandika zaidi ya mara moja. Mwisho wa mwezi wa kumi 2022, vita ilipofika Rumangabo, mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikimbilia Kanyaruchinya na simu ya kioo kilichopasuka. Baada ya siku chache akanitumia odio: “Yaya, kwenye variansi, kwa nini tunagawanya na n kutoa moja? Kwa nini si n tu?” Nilikuwa kazini. Nikamjibu: iko YouTube, tafuta Khan Academy. Siku ya mtihani aliangukia palepale, akarudia mwaka.

Sasa tuseme ukweli juu ya video zile, maana si mbaya hata kidogo. Ni fupi. Mwalimu haonekani, unaona mwandiko wake tu ukitokea kwa rangi kwenye ubao mweusi, na ukipotea unarudisha nyuma bila mtu kukucheka. Za Kifaransa zipo. Mifano ya piza inachosha, lakini ya dola haikutusumbua. Goma hata kodi ya nyumba tunalipa kwa dola. Na video haikuulizi wewe ni mtoto wa nani. Hilo ni kubwa kwetu, wenye tunajua kujuana kunafungua milango gani na kunaifungia nani.

Lakini mimi nilizipataje? Nilikuwa Rumangabo, naandika TFC juu ya mavuno ya maharagi. Umeme wa Matebe ulikuwepo, kuchaji simu haikuwa shida. Shida ilikuwa mega. Basi yaya mmoja wa ukoo, alikuwa Goma, anapakua video usiku, anaziweka kwenye kadi memori, anampa motari. Kadi inapanda Kibumba, Rugari, inafika kwangu ikiwa imefungwa kwenye karatasi. Hiyo karatasi ndiyo ilinifundisha. Siku moja aliandika: “Anza na ya tatu. Mbili za kwanza ruka, zitakuchanganya bure.” Jumapili anapiga simu, haulizi kama nimeangalia, anasema: haya, nieleze.

Hiyo n kutoa moja sikuielewa kwenye video. Niliangalia mara nne. Yaya akaniuliza: “Mifuko mitano ya maharagi, wastani kilo 50. Nakupimia minne. Wa tano lazima uupime?” Nikasema hapana, jumla ni 250, natoa ile minne, naujua. “Basi ukishatumia wastani, mifuko yenye bado iko huru ni mingapi?” Minne. Akakata simu, uniti zilikuwa zinaisha.

Tena historia ya Khan Academy yenyewe inatuumbua. Haikuanza kama intaneti. Mwaka 2004 Salman Khan alikuwa Boston, akamfundisha hesabu binamu yake Nadia wa New Orleans, kwa simu na kuandika kwenye kompyuta. Ndugu wengine wakaomba nao. Video zilianza 2006, shirika likaja 2008. Yaani mbele ya video kulikuwa na mtoto mmoja aliyekwama na kaka aliyekuwa na subira ya kumwuliza amekwama wapi. Video ilihifadhi maelezo vizuri kabisa. Yule anayeuliza “umekwama wapi?” hakuingia ndani.

Najua mtu ataniambia: na yule asiye na yaya Goma? Ni kweli. Msaada wa ukoo una upendeleo, na unakatika. Barabara ilipofungwa 2022 hakuna motari aliyepita na kadi, na yule yaya leo yuko Kampala. Ndiyo maana sisemi tuache video turudi kwa wajomba. Nasema mdogo wangu alikuwa na video zote, zimepakuliwa, ndani ya simu yake pale Kanyaruchinya. Kilichokosekana ni dakika kumi zangu. Mimi niliita uvivu wangu intaneti.

(Dunia nayo inatujua kwa njia hiyohiyo. Ile picha ya 2019, ngagi Ndakasi amesimama nyuma ya mlinzi kama binadamu, ilitoka Rumangabo ikazunguka dunia nzima. Picha inatoka haraka. Jibu la variansi kuingia, hapo ndipo kazi.)

Juzi nilipanda juu kwenye grupu letu, nikasoma ujumbe wa mwezi mzima. Rambirambi, pongezi, ofa za ONG, mabishano ya mpira. Swali moja tu la mwanafunzi, wa kemia, anauliza juu ya mole. Amewekewa mikono miwili ya kuomba na mtu mmoja, basi. Sisi wote kule tuna diploma.

Mdogo wangu alifaulu mara ya pili. Mwenzake wa hema ya jirani ndiye alimwelezea, si mimi. Yule wa kemia nimemwandikia jana, bado hajajibu. Mimi naweza statistiki na udongo, saa mbili za usiku kuendelea, Jumapili mchana pia. Numero iko kwenye grupu.